Hirizi ya Yendor: Juu ya Mauti na Marejeo ya Mchezo wa Shimoni

Michezo ya kompyuta ni kitu ambacho mwanachuoni hupita kando yake kama apitavyo mtu kando ya watoto wanaocheza gololi: hutabasamu, akaendelea na safari yake. Dharau hiyo ina madhara. Kazi ya akili na mikono ya watu isipoandikiwa historia mapema hupotea, na ikipotea huacha pengo ambalo majuto hayalizibi. Insha hii yahusu ukoo mmoja wa michezo ulioanza katika vyuo vikuu vya Marekani baada ya mwaka wa 1974. Ulifutwa, ukafichwa, ukauzwa, ukafilisika pamoja na wauzaji wake. Na leo waweza kuchezwa na mtu ye yote mwenye kompyuta ya kawaida yenye kivinjari cha intaneti. Shabaha ya insha ni kuonyesha ni nani waliouokoa na kwa njia gani, maana jibu lake latudai kitu sisi tunaojihesabu kuwa walinzi wa maandishi.

Kwanza na tuutazame mchezo wenyewe, kwa ajili ya msomaji asiyepata kuuona. Jina lililoutangaza ulimwenguni ni Rogue, yaani ayari. Mchezaji akiufungua haoni picha yo yote. Huona kioo cheusi chenye safu 24 za maandishi, na kila safu ina nafasi 80 za herufi. Alama ya @ ni yeye mwenyewe. Nukta ni sakafu ya chumba, alama ya # ni ujia mwembamba uendao gizani, alama ya + ni mlango, na alama ya % ni ngazi. Herufi kubwa 26, kutoka A mpaka Z, ni wanyama na mazimwi: B ni popo, D ni joka, Z ni maiti atembeaye. Safari ni ya kuteremka tabaka baada ya tabaka mpaka ya 26, ambako imewekwa hirizi ya Yendor. Naye aipataye hana budi kupanda nayo tena mpaka kwenye mwanga wa jua. Njiani huokota hati za uganga, vyupa vya dawa, fimbo na pete, lakini hajui matumizi ya vitu hivyo mpaka avijaribu. Chupa aliyoidhani kuwa shifaa huenda ikawa upofu. Chakula ni haba, na njaa haimwachi akae kitako kungojea nguvu zimrudie.

Mambo mawili yaliupambanua mchezo huu na mingi iliyoutangulia. La kwanza, shimo halikuchorwa na mtu. Kompyuta yenyewe hukigawa kioo katika mafungu tisa, matatu kwa matatu, ikaweka vyumba humo kwa bahati nasibu, ikaviunganisha kwa njia, ikavitia vitu na maadui. Kwa hivyo kila safari ina shimo lake, wala hakuna awezaye kuikariri njia na kumwambia mwenzake. La pili, mauti yalikuwa mauti kweli. Mchezaji aliweza kuiweka safari yake akiba katika faili ili airudie kesho. Lakini mara alipoifungua faili hiyo ilifutwa, asipate kuirudia mara ya pili. Akifa, amekufa. Hurudi mlangoni mikono mitupu, na mbele yake huwa shimo jingine asilolijua.

Sheria hii ya pili ndiyo iliyoupa mchezo uzito wake. Mtu akijua kwamba kosa halina dawa, hupima kila hatua. Hujifunza kukimbia kabla ya kushindwa, kutoa akiba mapema kuliko kufa nayo, na kutotamani kila king'aacho sakafuni. Herufi chache juu ya kioo cheusi zikaweza kumtia mtu hofu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitu cha kupotea. Ajabu ya historia ni kwamba mchezo huu uliokataza marejeo umekufa wenyewe mara nyingi, na mara nyingi umerejea. Na kila ulipokufa, na kila uliporejea, palikuwa na sababu iliyotokana na matendo ya watu.

Asili ya ukoo huu iko katika mchezo wa mezani. Mwaka wa 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu, ambamo mmoja huwasimulia wenzake yaliyomo shimoni, nao humjibu watakavyotenda. Miongoni mwa vijana walioucheza mezani walikuwamo waliokuwa pia na ruhusa ya kukaa mbele ya kompyuta za vyuo vikuu, na haikupita muda wakatamani kompyuta ichukue kazi ya msimulizi.

Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mtambo ulioitwa PLATO, ulioanzishwa mwaka wa 1960 chini ya uongozi wa Donald Bitzer kwa kazi ya kufundishia. Kufika miaka ya 1970 vituo vyake vilikuwa na vioo vya rangi ya machungwa vilivyoweza kuonyesha michoro, na watu wengi waliweza kuutumia kwa wakati mmoja. Humo, mwaka wa 1975, Rusty Rutherford alitunga mchezo wa shimoni. Kwa kuwa nafasi za mtambo ziligawiwa kwa masomo, mchezo ulikaa katika nafasi ya somo iliyoitwa pedit5, jina lisilotaja zimwi wala hazina. Wasimamizi waliugundua, wakaufuta. Ukarudishwa, ukafutwa tena. Lakini walioupenda walikwisha kuunakili, na mwaka huo huo Gary Whisenhunt na Ray Wood wakatunga mwingine, uitwao dnd, wenye shimo kubwa zaidi.

Tusiwalaumu mno wasimamizi hao. Kompyuta ilikuwa ghali, na kila dakika iliyotumika kupigana na mazimwi ilitolewa katika mfuko wa elimu. Hata hivyo yafaa tuitazame hukumu yao kwa macho ya leo. Walilinda saa za mashine ambayo thamani yake ilikwisha zamani, wakafuta kitu ambacho sasa huandikiwa vitabu. Mtambo wa PLATO wenyewe umekwisha kuondolewa. Lakini wapenzi wake wameuiga ndani ya kompyuta za kisasa, na pedit5 imo, yachezeka. Imo kwa sababu watu walinakili kilichokatazwa. Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia hii, nalo ni gumu kulisema mbele ya wakuu wa maktaba: si kila mara walinzi rasmi ndio waliookoa, na pengine kilichookolewa kiliokolewa kutoka mikononi mwao.

Chimbuko la pili lilikuwa pango la kweli. Will Crowther, fundi wa kompyuta aliyependa pia kuingia mapangoni, alitunga kati ya 1975 na 1976 mchezo wa maneno ulioitwa Adventure, uliofuata umbo la sehemu ya pango la Mammoth katika jimbo la Kentucky. Mwaka wa 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, na toleo hilo likaenea kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Maandishi ya asili ya programu, ambayo wenye fani huyaita msimbo, yale aliyoyaandika Crowther kabla ya mkono wa Woods, yalidhaniwa kuwa yamepotea. Yalipatikana katika nakala ya akiba ya faili za Woods zilizowekwa Stanford, na mwanachuoni Dennis Jerz akayaandikia utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007. Miaka 30 hivi ilipita. Kama mtu fulani asiyetajwa asingeiweka akiba ya faili za wanafunzi, tungekuwa na hadithi ya Crowther bila ya kazi yake.

Michael Toy, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California cha Santa Cruz, aliupenda Adventure, lakini aliona una ila moja: ukishaumaliza, umekwisha. Siri zake ni zile zile, na njia ni ile ile. Yeye na mwenziwe Glenn Wichman wakataka mchezo ambao hata waliouandika wangeweza kushangazwa nao. Hapo ndipo lilipozaliwa shimo la bahati nasibu. Chombo kilichowawezesha kilitoka Berkeley, ambako Ken Arnold alikuwa ametengeneza maktaba ya taratibu za programu iliyoitwa curses, iliyomwezesha mtunzi kuweka herufi mahali po pote juu ya kioo badala ya kuandika mstari chini ya mstari. Rogue ikatokea yapata mwaka wa 1980. Toy alipohamia Berkeley, Arnold mwenyewe akaingia katika kazi ya kuuboresha mchezo.

Mwaka wa 1983 Rogue ilisafiri ndani ya 4.2BSD, toleo la Unix lililotolewa na Berkeley, na kwa hiyo ikafika kila mahali toleo hilo lilipofika. Wanafunzi wa sayansi, na walimu wao pia, waliucheza mpaka usiku wa manane. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wanafunzi wanne waliandika tangu 1981 programu iliyoitwa Rog-O-Matic, ambayo kazi yake ilikuwa kuucheza Rogue bila ya msaada wa mtu. Mchezo uliotungwa kwa burudani ukawa uwanja wa kupimia akili ya mashine. Mmoja wa wanne hao, Michael Mauldin, ndiye baadaye aliyeanzisha Lycos, chombo cha kutafutia habari katika intaneti. Basi anayeuita mchezo huu upuzi na aeleze kwanza kwa nini upuzi uliwatia watu wa namna hiyo katika taabu ya namna hiyo.

Kisha biashara ikaingia. Toy, pamoja na Jon Lane, alianzisha kampuni ya A.I. Design, wakautayarisha mchezo kwa kompyuta ya IBM. Katika toleo hilo alama ya @ iliacha nafasi yake kwa uso mdogo unaotabasamu. Baadaye kampuni ya Epyx ikauchapisha. Hawakupata faida waliyoitumaini, na mwaka wa 1989 Epyx ilifilisika. Huu ni namna nyingine ya mauti, nao ni mbaya kuliko kufutwa na msimamizi. Msimamizi akifuta, kuna hasira, na hasira huzaa nakala. Kampuni ikifilisika, haki zake huuzwa au hutawanyika, sanduku za mchezo hutoweka madukani, na hakuna wa kumkasirikia. Kitu hukaa katika hali ya kuwa na mwenyewe kisheria bila ya kuwa na mlinzi.

Wakati huo huo mkondo mwingine ulikuwa ukitiririka. Katika shule ya sekondari ya Lincoln-Sudbury, jimbo la Massachusetts, mwalimu Brian Harvey alikuwa na chumba cha kompyuta ambacho wanafunzi waliruhusiwa kukitumia kwa uhuru mkubwa. Mwanafunzi mmoja, Jay Fenlason, alipata kuiona Rogue huko Berkeley, akaomba msimbo wake. Hakupewa, wenyewe walikuwa wakiuchunga. Mnamo 1982, kwa msaada wa wenzake Kenny Woodland, Mike Thome na Jonathan Payne, akaandika wa kwake kutoka mwanzo, akauita Hack. Alichonyimwa yeye hakuwanyima wengine: msimbo wa Hack ulitolewa hadharani. Mwaka wa 1984 Andries Brouwer, mwanahisabati wa Centrum Wiskunde & Informatica mjini Amsterdam, aliuchukua, akauandika upya sehemu kubwa, akautoa katika mwezi wa Desemba kwa njia ya Usenet, baraza la habari lililounganisha kompyuta za vyuo kabla ya intaneti kuwafikia watu wote. Mwezi wa Julai 1987 Mike Stephenson alitoa mchezo uliokusanya marekebisho ya watu wengi juu ya kazi ya Brouwer. Ukaitwa NetHack, kwa kuwa waliouandika walikutana kwa mtandao kuliko walivyokutana kwa nyuso.

Twapaswa kusimama hapa kidogo, kwa maana ndipo panapogawanyika njia. Rogue, mzazi, ilichungwa na kuuzwa. Hack, aliyekataliwa urithi, iligawiwa bure. NetHack ilipewa leseni iliyoandikwa na Stephenson kwa kufuata mfano wa leseni ya programu ya Bison: kila mtu ana ruhusa ya kunakili, kubadili na kugawa, kwa sharti kwamba naye ampaye mwingine ampe pamoja na msimbo na ruhusa ile ile. Kwa sharti hilo mchezo haukuwa tena na shingo moja ya kukatwa. Hauwezi kufilisika kwa kuwa haukuwa duka. Hauwezi kufutwa kwa kuwa hauko mahali pamoja. Toleo la 3.4.3 lilitoka mwaka wa 2003, na lililofuata, 3.6.0, halikutoka mpaka Desemba 2015. Kwa miaka 12 watunzi walikaa kimya, watu wakadhani wamekwisha. Lakini katika ukimya huo wote mchezo ulichezwa, ukarekebishwa na wengine, ukazaa matoleo ya pembeni. Mali ya mtu mmoja isingeweza kustahimili usingizi wa namna hiyo.

Jambo moja katika NetHack lafaa kusimuliwa peke yake. Miongoni mwa watunzi wake wa mwanzo alikuwamo Izchak Miller, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alifariki mwaka wa 1994. Wenziwe walipotoa toleo la 3.2 mwaka wa 1996 waliliweka wakfu kwa jina lake, na tangu hapo, katika mji mdogo ulio chini ya ardhi ndani ya mchezo, duka la taa huwa ni la Izchak. Mchezaji atokaye gizani hununua kwake mshumaa na taa. Mamilioni ya mashujaa wa herufi wamekufa katika mchezo huo bila ya kurudi, lakini mtu mmoja aliyekufa kweli amewekwa humo, na kazi aliyopewa ni kuuza mwanga. Sijui kumbukumbu iliyo nyepesi kwa umbo na nzito kwa maana kuliko hiyo.

Hata shujaa wa mchezo hafi bure kabisa. Akifa mahali, mara nyingine tabaka ile huhifadhiwa kama ilivyokuwa, pamoja na vitu vyake na kivuli chake. Na mchezaji mwingine katika mtambo ule ule, siku nyingine, huweza kuteremka akakuta mali za mtangulizi zimelala sakafuni. Wachezaji huziita faili hizo mifupa. Kwa hiyo sheria ya mauti na sheria ya urithi zimo pamoja katika mchezo mmoja. Watunzi waliona kwamba mauti hayavumiliki isipokuwa aliyekufa ameacha kitu cha kuokotwa.

Sasa tuje kwa kivinjari. Programu si kama kitabu. Kitabu kikifungiwa kabatini miaka 100, mchwa wakikisamehe, hufunguliwa kikasomwa. Programu ikifungiwa miaka 20 tu huenda isisomwe tena, kwa maana haisomwi kwa macho: hutendwa na mashine, na mashine yake imekwisha kutupwa. Sahani za sumaku zilizobeba Rogue ya Epyx huchakaa. Vyombo vya kuzisomea ni adimu. Na kompyuta ya leo haitambui amri zilizoandikwa kwa ajili ya ile ya 1985. Kwa hiyo kuhifadhi mchezo ni kuhifadhi vitu viwili: mchezo, na kivuli cha mashine uliozaliwa nayo. Kivuli hicho ni programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Iliyo mashuhuri kwa michezo ya IBM ni DOSBox, iliyotolewa mwaka wa 2002.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa utaalamu. Mtu wa kawaida hawezi kutafuta programu ya kuigia, akaitengeneza, akatafuta na nakala ya mchezo. Mwaka wa 2010 Alon Zakai, aliyekuwa mhandisi wa Mozilla, alianza kutengeneza Emscripten, chombo kinachotafsiri programu zilizoandikwa kwa lugha ya C kuzitia katika JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari huielewa. Kwa njia hiyo DOSBox yenyewe iliweza kutendwa ndani ya ukurasa wa intaneti. Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa San Francisco na Brewster Kahle mwaka wa 1996, ikaitumia njia hiyo: mwaka wa 2013 ilifungua mkusanyo wa programu za kihistoria zinazotendeka katika kivinjari, chini ya juhudi za Jason Scott, Januari 2015 ikaweka michezo zaidi ya 2,000 ya MS-DOS, na Oktoba 2019 ikaongeza mingine 2,500. Rogue imo. Msomaji hubonyeza mara moja, hungoja kitambo, kisha uso mdogo unaotabasamu humtokea katika chumba chake cha kwanza.

Yafaa tuuelewe mwujiza huu kwa ngazi zake. Kivinjari kimo katika kompyuta ya leo. Ndani ya kivinjari imo JavaScript. Ndani yake imo DOSBox. Ndani ya DOSBox imo kompyuta ya IBM ya miaka ya 1980, isiyojua kwamba haipo. Na ndani ya kompyuta hiyo limo shimo. Mchezaji ameteremka tabaka nne kabla ya kuifikia ya kwanza. Marejeo hayo hayakukamilika, tusijidanganye. Kibodi si ile, kioo si kile, wala hakuna chumba cha chuo chenye wenzio wanaochungulia bega lako na kucheka ulivyokufa. Jambo jingine ni la ajabu zaidi: katika ukurasa wa namna hii akiba ya mchezo kwa kawaida haidumu. Mtu akiufunga ukurasa, shujaa, shimo na mashine nzima hutoweka pamoja. Kivinjari, kilichokuja kuushinda mauti wa mchezo, kimeifanya sheria yake ya kale kuwa kali kuliko ilivyokuwa.

Lakini swali lililo kubwa si la kibodi wala la akiba. Ni la haki. Sheria ya Marekani ya hakimiliki hukataza kuvunja vizuizi vilivyowekwa juu ya kazi za kidijitali, na kila baada ya miaka mitatu ofisi ya hakimiliki huamua ni nani asamehewe katazo hilo. Mwaka wa 2003, kwa maombi ya Internet Archive, programu na michezo iliyo katika vyombo vilivyopitwa na wakati ilipata msamaha kwa ajili ya kuhifadhiwa. Mwaka wa 2023 Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Kwa hoja hiyo maktaba ziliomba ruhusa ya kumfungulia mtafiti mchezo wa namna hiyo akiwa mbali, bila ya kumlazimisha kufika katika jengo lao. Mwezi wa Oktoba 2024 ombi hilo lilikataliwa. Waliolipinga walihofu kwamba watu wangejifanya watafiti kumbe wanacheza, na soko la michezo ya zamani likadhurika.

Hofu hiyo si ya kubezwa. Mtunzi ana haki ya kula jasho lake, na Toy na wenziwe hawakutenda uovu walipotaka kuuza kazi yao. Hata hivyo hoja ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, soko la asilimia 87 ya kazi hizo halipo. Haliwezi kudhuriwa lisilokuwapo. Pili, hutenganisha kucheza na kusoma, ilhali katika fani hii havitenganishiki. Mwenye kuuandika mchezo wa Rogue bila ya kufa ndani yake ni kama mwenye kuandika juu ya utenzi bila ya kuusikia ukiimbwa: atahesabu mizani, asijue kwa nini watu walikesha. Starehe hapa ndiyo njia ya elimu.

Nasi, wasomaji wa Kiswahili, hatuko nje ya jambo hili. Sheria isemayo kwamba mtafiti aje mpaka jengoni humhukumu kila mtu kwa umbali wake kutoka jengo hilo. Kwa mwanafunzi wa Stanford ni mwendo wa basi. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi ni viza, nauli ya ndege na malazi, gharama ambayo hakuna idara itakayoitoa ili mtu akacheze mchezo wa herufi. Kwake yeye kivinjari si urahisi, ni mlango pekee. Ukifungwa, historia ya kompyuta itaendelea kuandikwa, lakini itaandikwa na waliokaa karibu, na sisi tutaipokea ikiwa imekwisha kupikwa, kama tulivyopokea historia nyingine nyingi.

Tukiyakusanya yote tuliyoyaeleza, twaona kwamba ukoo huu haukuokolewa na thamani yake sokoni, wala na hekima ya wakuu. Waliouokoa ni wanafunzi walionakili kilichofutwa, mtu asiyejulikana aliyeweka akiba ya faili za Stanford, kijana aliyenyimwa msimbo akaandika wake na kuutoa, watunzi walioandika leseni ya kugawa, na wahandisi walioiga mashine zilizokufa. Tabia yao ni moja: walipokuwa na kitu, walikiacha mahali ambapo mwingine angeweza kukiokota. Kizuri cha kale hakijilindi chenyewe. Kilichofungiwa ili kisipotee kilikaribia kupotea, na kilichotawanywa kimebaki.

Kazi iliyo mbele yetu basi haina utata. Vyuo vyetu vina programu zilizotungwa na wanafunzi wetu wenyewe: kamusi za kompyuta, michezo ya watoto, vyombo vya kuchapia hati za zamani. Hizo nazo zina mashine zake, na mashine hizo zinazeeka. Na ziandikwe katika daftari za maktaba, na zinakiliwe pamoja na msimbo wake, na watunzi wake waombwe ruhusa wangali hai na wangali wakikumbuka. Shujaa wa Rogue akifa haombolezwi na mtu, kwa kuwa mwingine husimama mlangoni papo hapo. Kazi ya kweli haina mlango wa pili, isipokuwa kuwe na mtu aliyekwisha kuufungua.